Anayepakua Naye Hugawa



Ndugu zangu wanafunzi, kila mwaka wa masomo unapoanza hunijia vijana wa mwaka wa kwanza, mara nyingi baada ya swala ya Alasiri, na swali lao huwa moja: "Kaka, tumeambiwa wewe unajua mambo ya torenti. Tufundishe." Sina sifa nyingine kubwa katika jumuiya yetu. Sijui kuhutubu, na sauti yangu haifai kaswida, lakini kompyuta yangu ya mkononi inajulikana kuanzia Buyenzi hadi Bwiza. Nami huwafundisha. Jambo lenyewe halichukui hata robo saa.

Mwaka huu nimeamua kuliandika, kwa sababu ndani ya robo saa ile kuna kitu ambacho mimi sikuambiwa nilipofundishwa, na kutokuambiwa kwangu kulimgharimu mtu mwingine. Swali langu ni hili: mtu anapopakua faili kwa njia hii, amefanya nini hasa mbele ya Allah? Amechukua? Amepewa? Au amefanya jambo la tatu?

Kwanza tuielewe kazi yenyewe, maana huwezi kuuliza hukumu ya kitu usichokijua.

Chukua mfano wa silabasi ya kurasa 300. Mwalimu ametoa nakala moja tu, na darasa lina watu 30. Njia ya kawaida ni kupanga foleni kwenye mashine ya fotokopi: mmoja anatoa kurasa zote 300, anaondoka, anafuata mwingine. Wa mwisho atapata zamu yake wiki ya mitihani. Hivyo ndivyo tunavyopakua vitu kila siku kutoka kwenye seva moja: kompyuta moja kubwa inamhudumia kila mtu, na watu wakizidi inaelemewa.

Njia ya pili ni hii. Delege wa darasa anaigawa silabasi mafungu 30 ya kurasa kumi kumi. Kila mmoja anatoa nakala ya fungu lake, halafu mnaanza kubadilishana: nipe la tatu nikupe la saba. Kabla jua halijazama kila mtu ana silabasi nzima, na mashine haikuelemewa. Hiyo ndiyo torenti. Faili kubwa hukatwa vipande vidogo, na kila kompyuta iliyopata kipande huanza hapo hapo kuwapa wenzake kipande hicho huku yenyewe ikitafuta vingine. Ndiyo maana njia hii huitwa ya mwenza kwa mwenza: hakuna mkubwa anayegawa na wadogo wanaopokea.

Kile kifaili kidogo unachokifungua mwanzoni hakina kitabu wala sauti ndani yake. Kina orodha tu: jina la faili, ukubwa wake, na alama ya kila kipande, mfano wa alama ya kidole. Kipande kikifika kompyuta hukipima kwa alama yake, na kisipolingana hutupwa na kuombwa upya. Mwanafunzi wa hadithi ataipenda tabia hii, maana hapokei kutoka kwa yeyote bila kuhakiki. Programu pia huanza kutafuta vile vipande ambavyo ni adimu miongoni mwa wenza, ili visije vikapotea mwenye navyo akizima mashine. Na humpendelea anayetoa: anayegawa kwa wingi naye hupewa upesi. Aliyekwisha kupata faili nzima na bado anagawa huitwa mbegu. Anayenyonya na kuondoka, Waingereza humwita ruba, yule mdudu wa majini anayekunywa damu.

Kwetu sisi njia hii ina faida moja zaidi. Umeme ukikatika katikati ya kazi hupotezi kitu. Ukirudi, programu huhesabu vipande ilivyonavyo na kuendelea pale ilipoachia.

Historia yake si ndefu. Mwaka 1999 kijana wa Kimarekani aitwaye Shawn Fanning, mwanafunzi wa chuo kama sisi, alitoa programu ya Napster iliyowawezesha watu kupeana nyimbo kutoka kompyuta hadi kompyuta. Lakini orodha ya nani ana nini ilikaa kwenye seva za Napster yenyewe, hivyo mahakama ilipoamua, palikuwa na mlango wa kubisha. Mwaka 2001 huduma ile ilifungwa. Mwaka huo huo Mmarekani mwingine, Bram Cohen, alitoa BitTorrent, na njia hiyo ndiyo tunayoitumia hadi leo.

Kwa hiyo chombo chenyewe hakina dhambi, kama kisu kisivyo na dhambi jikoni. Anayetaka kuanza na aanze na vitu ambavyo wenyewe wamevitoa vigawiwe. Weka qBittorrent au Transmission, ambazo ni za bure na hata msimbo wake uko wazi. Pakua Debian au Ubuntu, mifumo ya kuendesha kompyuta ambayo waliyoitengeneza wanakuomba uigawe. LibreOffice, ya kuandikia barua na kufanyia hesabu, nayo hutolewa kwa torenti. Internet Archive, maktaba kubwa ya mtandaoni, hutoa vitabu na sauti nyingi kwa njia hii. Weka kikomo cha kasi ya kutoa, la sivyo kifurushi chako kitakwisha kabla ya Magharibi. Usiwashe torenti kwenye mtandao wa chuo mchana. Kompyuta moja inaweza kuwanyima pumzi watu 40 wanaotaka kusoma barua tu, na dini yetu imekataza kudhuru na kulipizana madhara. Ukiona kitabu kimekuja na mwisho wa .exe, hicho si kitabu, kifute. Na ujue kwamba wenza wote huiona anwani ya kompyuta yako. Humo hakuna pa kujificha.

Haya yote nilifundishwa na mwenzangu wa chumba, isipokuwa maneno ya kuwajali wengine, ambayo nilikuja kujifunza mwenyewe.

Usiku wangu wa kwanza nilipakua kitabu cha anatomia. Dukani bei yake inazidi kodi ya chumba chetu ya miezi mitatu. Nilipoamka kwa Alfajiri kilikuwa kimefika. Nilimshukuru Allah, wallahi, nikakifungua nikaanza kusoma. Baadaye ndipo jicho langu lilipoangukia pembeni ya dirisha la programu. Kulikuwa na namba mbili. Ya kwanza ilikuwa ukubwa wa nilichopokea. Ya pili, kubwa kuliko ya kwanza, ilikuwa ukubwa wa nilichotoa. Nikiwa nimelala nilikuwa nimekigawa kitabu kile zaidi ya mara moja, kwa watu nisiowajua.

Sikufikiri sana siku ile. Niliona ni ukarimu.

Sasa nieleze jambo lililonifanya nifikiri.

Katika mtaa wetu yuko Maalim mmoja, mzee, ambaye sitamtaja jina kwa kuwa hapendi. Kwa miaka mingi amekuwa akisomesha tafsiri ya Juzuu Amma kwa Kiswahili, baina ya Magharibi na Isha. Watu waliohama walikuwa wakimpigia simu na kumwomba: Maalim, sisi huku ugenini watoto wanakua bila darsa, turekodie. Akakubali. Akakopa fedha kwa mfanyabiashara mmoja, akakodi vifaa, na kijana mmoja fundi wa sauti akakaa naye miezi kadhaa kuirekodi na kuisafisha tafsiri ya sura zote 37. Zikajazwa kwenye kadi za memori, kadi moja faranga 10,000. Mpango ulikuwa kwamba deni likilipwa, waanze Juzuu Tabaraka.

Nilinunua kadi moja. Niliisikiliza yote katika mwezi wa Ramadhani, na sijawahi kusikia sura ya Al-Aadiyat ikielezwa vile. Ndipo nikapata wazo. Gigabaiti nne haziendi kwa WhatsApp, lakini kwa torenti ni jambo dogo. Nikaitengeneza torenti, nikausambaza ufunguo wake kwenye makundi yetu.

Wiki moja baadaye nilikaa mbele ya kioo nikitazama bendera ndogo ambazo programu huonyesha kando ya kila mwenza. Burundi, Kongo, Tanzania, Omani, Ubelgiji, Kanada. Nilitokwa na machozi. Nilijiambia: hii ni sadaka yangu inayoendelea, nitakufa na darsa itabaki ikisikilizwa Muscat na Montreal.

Lakini ndugu msomaji, kuna jambo nimelificha hadi hapa, kama nilivyowaficha wao. Mwanzoni mwa darsa ya kwanza Maalim anasema, kwa sauti yake ya upole, kwamba kadi hizi zina deni, na anamwomba kila aliyenunua asinakili bali amwelekeze mwenzake aje kununua. Maneno hayo hayafiki dakika moja. Kabla ya kutengeneza torenti niliyakata.

Mtume (s.a.w.) ametufundisha alama ya dhambi: ni lile linalokukera kifuani na ukachukia watu wasilijue. Mimi sikuwa na haja ya mufti. Mkasi wangu ulikuwa umekwisha kutoa fatwa.

Hata hivyo sikukubali upesi. Kwa miezi nilibishana na nafsi yangu, na pia na wenzangu chumbani, na hoja zetu zilikuwa kama hivi. Naziandika kwa sababu najua zinabishaniwa katika vyumba vingi.

Hoja ya kwanza: elimu haifichwi. Aliyeulizwa elimu akaificha ameahidiwa adhabu kali. Ni kweli. Lakini Maalim hakuificha. Kila jioni alikuwa pale msikitini, na darsa ni bure kwa kila anayekuja. Kilichouzwa ni kazi ya kuifikisha: vifaa, umeme, usiku wa fundi, na kadi zenyewe. Imethibiti pia katika hadithi sahihi kwamba Masahaba walipochukua ujira kwa kusoma Kitabu cha Allah, Mtume (s.a.w.) hakuwakataza. Kuificha elimu ni kitu kimoja, na kumlipa aliyeibeba hadi mlangoni kwako ni kitu kingine.

Hoja ya pili ni ya mwenzangu anayesoma sheria, na ina nguvu. Anasema: wizi ni kumwondolea mtu mali yake. Mimi nikinakili, chake kinabaki mkononi mwake. Nimemwibia nini? Hata wanazuoni wa Kihanafi wa zamani hawakuyahesabu manufaa matupu yasiyoshikika kuwa ni mali. Ni kweli, lakini Mashafii, Wamaliki na Wahanbali waliyahesabu, na huku kwetu wengi wetu ni Mashafii. Tena Baraza la Fiqhi ya Kiislamu lenye makao Jiddah, lilipokutana Kuwait Desemba 1988, lilipitisha kwamba haki za uandishi, za uvumbuzi na za majina ya biashara zinalindwa na sharia na haijuzu kuzivamia. Mimi si mufti. Lakini hata nikichukua kauli iliyo nyepesi kuliko zote na kusema kwamba sauti si mali, bado limebaki sharti. Maalim aliniuzia kwa sharti, akalisema kwa mdomo wake. Waislamu hushikamana na masharti yao. Nilichovunja hakikuwa sheria ya kigeni tu, kilikuwa ahadi baina ya watu wawili wanaosali msikiti mmoja.

Hoja ya tatu: umaskini. Mwenzangu aliongeza kwamba hata Shirika la Biashara Duniani limeziachia nchi maskini zaidi, yetu ikiwemo, hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kuzilazimisha kutimiza mkataba wake wote wa haki za ubunifu. Nikamjibu kwamba nchi yetu yenyewe ilitunga sheria ya haki za watunzi mwaka 2005, na kwamba sijasikia kama Akhera wametoa muda wa mpito. Alicheka, lakini hakukubali, na hakukosea kutokukubali. Kwa sababu dharura ipo. Qur'ani imemruhusu aliyelazimika kula kilichoharamishwa, asiwe ameasi wala kuvuka mpaka. Mwanafunzi wa udaktari asiye na kitabu leo atamtibu mama yako kesho. Huyo tumwambie nini?

Hapa ndipo ile namba ya pili pembeni ya dirisha iliponirudia akilini.

Aliyelazimika kula nyamafu hula kiasi cha kuokoa roho yake. Hafungui bucha. Lakini torenti, kwa namna ilivyoundwa, haikuachi ule peke yako. Tangu kipande cha kwanza kinapofika kwako umekwisha kuwa mgawaji. Yule anayesema "mimi ninachukua tu kwa haja yangu" hajui chombo alichokishika, maana chombo hicho kinamchukua mwenye dharura na kumkalisha nyuma ya meza ya kuuzia bila kumuuliza. Na wale anaowagawia, je, nao wana dharura? Yule wa Ubelgiji? Yule wa Kanada? Rukhsa yangu, kama ninayo, ni yangu. Sina uwezo wa kuwakirimu wengine kwayo.

Hilo ndilo jambo la tatu nililouliza mwanzoni. Katika njia hii hakuna kupakua tupu. Kila anayepakua naye hugawa, na kwa hiyo swali la kwanza haliwi "je, naruhusiwa kuwa nacho?" bali "je, naruhusiwa kukitoa?" Allah ametuamuru katika Suratul Maida tusaidiane katika wema na uchamungu, na tusisaidiane katika dhambi na uadui. Torenti ni kusaidiana kwenyewe, kumefanywa mashine. Kwa hiyo faili moja linaweza kuwa karibu na wakfu: nakuombeni mbaki mbegu, msiwe ruba, maana aliyepewa Debian na watu wa ulimwengu mzima kisha akazima mashine amekula karamu na kukimbia kabla ya kuosha vyombo. Na faili jingine, kwa mashine ile ile, linakuwa kusaidiana kuvunja ahadi ya mtu.

Na juu ya dharura nilijifunza jambo jingine la aibu. Nilipomweleza mkutubi kisa cha kitabu cha anatomia, aliniuliza kama nimewahi kumwomba. Sikuwahi. Akanionyesha Hinari, mpango ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani mwaka 2002, ambao kupitia kwake vyuo na hospitali za nchi kama yetu husoma majarida na vitabu vya tiba bila malipo. Akanionyesha pia kitabu cha anatomia na fiziolojia cha OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice huko Marekani, ambacho wenyewe wanakitoa bure kwa kila mtu. Kiko kwa Kiingereza, lugha inayotutoa jasho sisi tuliosomea Kifaransa, lakini hata kile nilichokipakua usiku ule kilikuwa cha Kiingereza. Nilikuwa nimedai dharura bila kubisha mlango hata mmoja. Vitabu vingine milango yake imefungwa kweli, najua, na mwenye kitabu hicho na amuulize mwanachuoni anayemwamini. Lakini aende baada ya kubisha.

Basi nilikwenda kwa Maalim. Nilimkuta ameketi barazani. Nilimwambia yote, mpaka habari ya yale maneno niliyoyakata. Alinyamaza muda. Kisha akasema alikuwa akishangaa: kuna mama alimpigia kutoka Omani kumshukuru, na kijana kutoka Kanada akauliza atume vipi fedha, nao hawakununua kadi kwa mtu yeyote anayemjua. Namba yake ya simu iko mwishoni mwa darsa ya mwisho. Ile sikuikata kwa sababu sikufika huko na mkasi.

Nikapumua. Nikasema, "Alhamdulillahi, Maalim, basi kumetoka kheri."

Akaniambia, "Kheri iliyotoka ni ya Allah, mwanangu. Deni ni lako."

Nilimwomba nisamehewe. Akasema haki yake ameiacha, hanidai kitu. Lakini katika kadi zile kulikuwa na haki tatu: ya kwake, ya yule mfanyabiashara aliyekopesha, na ya fundi wa sauti, aliyekubali kulipwa kadi zikiuzwa. "Ya kwangu nimekupa. Hizo mbili si zangu kukupa."

Mnajua masharti ya toba: kuacha, kujuta, kuazimia kutorudia, na likiwa jambo linahusu haki ya mja, kumrudishia haki yake. Nilirudi chumbani nikaifuta torenti. Kisha nikafungua programu kwenye kompyuta ya mwenzangu nikatazama. Bendera zilikuwa palepale. Omani, Kanada, Ubelgiji, na nyingine mpya. Wao hawakunihitaji tena. Huo ndio uzuri wa torenti niliokuwa nikiusifia: haina mlango wa kubisha. Maji yakimwagika hayazoleki. Mwizi wa mbuzi anaweza kumrudisha mbuzi; mimi nilikuwa nimetenda kitu kisichorudishika, kwa kubofya mara mbili, huku nikilia kwa furaha.

Mfanyabiashara alinisikiliza, akasema yeye anamdai Maalim na si mimi, na atasubiri. Fundi wa sauti hakuwa hivyo. Ni kijana anayenizidi miaka michache, ana mke na mtoto. Alinisikiliza amesimama mlangoni, hakunikaribisha ndani. Kisha akasema maneno ninayoyasikia hadi leo:

"Wewe ulipata thawabu. Mimi nilipata nini?"

Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimetoa sadaka, naam, lakini nilitoa usiku wake, si wangu. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba mtu anaweza kuwa mkarimu kwa mali ya mwingine na akalala vizuri kabisa.

Tulikubaliana hivi. Kadi zilizobaki kwa Maalim wakati ule zilikuwa 212, na kila mtu alikuwa akimwambia, "Maalim, hii tunayo kwenye simu." Nimezichukua mimi. Kila Ijumaa baada ya swala nasimama nje ya msikiti na mfuko, na kila anayekuja namwambia ukweli: kilichomo unaweza kukipata bure, na mimi ndiye niliyekifanya kiwe bure, na nakuomba ununue. Wengine hucheka, wengine hununua mbili. Fundi amesema atanisamehe zikiisha, si kabla. Namwona ana haki.

Na Maalim amesema zikiisha na deni likilipwa, ataniita nitengeneze torenti nyingine, yenye maneno yake mapya mwanzoni, ya kuitoa darsa iwe wakfu kwa kila msikilizaji. "Siku hiyo," akasema, "usizime hiyo mashine yako." Faili litakuwa lile lile na njia itakuwa ile ile, na sauti yake itapita katika nyaya zile zile. Kitakachobadilika ni kwamba wenye haki watakuwa wamesema ndiyo.

Kwa hiyo ndugu zangu wa mwaka wa kwanza, njooni niwafundishe. Nitawaonyesha mahali pa kubofya, na pia ile namba ya pili pembeni ya dirisha. Kila mnapotaka kupakua, itazameni kwanza hiyo, mjiulize mnagawa cha nani.

Zimebaki kadi 61. Anayetaka ananijua pa kunikuta.

Wallahu aalam.